Umeme Uliokwama Kifundoni

Jumatatu, 12 Mei

Nimegonga tena kabla ya chai. Kwa kidole cha kushoto nagonga mkono wa kulia taratibu kuanzia kwenye kovu, nashuka kuelekea kiganjani. Umeme, ule mshtuko unaoonyesha mshipa unaoota umefika wapi, umeruka palepale pa juzi, kidogo kabla ya kifundo cha mkono. Nimeweka alama ya kalamu. Mke wangu Skola kasema mkono wangu sasa unafanana na rula ya mtoto wa shule.

Mkono wa kulia. Panga langu mwenyewe, Januari, nikichonga mzinga huku napiga soga. Mshipa wa fahamu ulikatika, ukashonwa hospitalini Mpanda. Toka siku hiyo gumba, shahada na kidole cha kati ni mali ya mtu mwingine. Cha mwisho kizima. Cha pete ndicho kinachonichanganya: upande mmoja kizima, upande wa pili kimekufa. Kidole kimoja! Nimekaa nakigusa nikitafuta mpaka uko wapi. Sijauona.

Jioni Skola kanikunja vidole kimoja kimoja, kanipaka mafuta yenye nta, kama kila jioni. Natazama tu. Kama anamhudumia jirani.

Naandika kwa kushoto, herufi kama kuku kaparua. Rehema, daktari wa mazoezi, kasema niandike kila ninachohisi. Sihisi kitu. Nimeandika.

Alhamisi, 15 Mei

Umeme umesogea. Labda. Alama mbili zimekaribiana mno, sijui ni umeme uliosogea au ni kalamu.

Nimeungua. Sufuria ya uji. Nimejua kwa harufu. Skola kaninyang'anya sufuria, kaenda kumimina uji mwenyewe. Heri angenigombeza.

Ijumaa, 30 Mei

Mpanda. Basi la alfajiri, vumbi mpaka ndani ya masikio. Rehema kagonga mwenyewe. Umeme umefika kwenye kifundo. Kafurahi. Nikamuuliza mbona polepole hivi, hata konokono angeshatoka kwetu Inyonga akafika Mpanda na kurudi. Kasema ndiyo mwendo wake, kama pingili ya kidole kwa mwezi, na hakuna wa kuuharakisha.

Kanichorea kwenye karatasi. Naandika kabla sijasahau. Neva, yaani mshipa wa fahamu, ni kama waya. Ule wa zamani, kuanzia kwenye jeraha hadi vidoleni, ulishakufa wote na mwili ukausafisha. Waya mpya unaota kutokea juu. Lakini hauoti peke yake. Kuna seli nyingine, zinaitwa seli za glia, kazi yake kuizunguka neva na kuitunza. Rehema anaziita walezi. Neva ikifa, walezi wanabaki. Wanazaliana, wanajipanga mstari mmoja mrefu mpaka vidoleni, wanatoa vitu vinaitwa vichocheo vya ukuaji. Hivyo ndivyo vinavyoivuta neva mpya ipite njia hiyo na kuipa nguvu isife njiani.

Mpaka hapo nilikuwa naye. Kisha akanivuruga. Walezi nao wanahitaji vichocheo ili waishi na kuongezeka, na kawaida hivyo wanavipata kwa neva yenyewe. Neva isipokuwepo, wanalishana wao kwa wao kwa muda. Muda ukizidi wanachoka, wanapungua, njia inaziba. Neva ikichelewa sana inakuta hakuna wa kuipokea.

Sasa nani anamlea nani? Nikamuuliza hivyohivyo.

"Wote wawili, kaka."

Jibu gani hilo.

Bingwa wa upasuaji anakuja Septemba. Akikuta umeme umekwama, anapasua tena, anachukua neva ya mguuni anaunga mkononi, halafu tunaanza upya kutokea kwenye kovu. Nikauliza: walezi watasubiri safari nyingine nzima? Rehema kasema ndiyo maana lazima umeme usogee kabla ya Septemba.

Nikauliza hivyo vichocheo vinauzwa wapi. Kacheka. Wanavichunguza huko maabara, dukani havipo.

Kurudi nimekaa dirishani. Naogopa. Mfuga nyuki bila vidole hivi vitatu ni mtu wa kushika moshi tu. Ukiingiza mkono ndani ya mzinga wa gogo huoni kitu. Vidole ndivyo vinavyokwambia hili sega la asali na hili sega la majana, watoto wa nyuki, usilivunje.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani, wakati wa kupeana amani. Nilimpa mkono mama wa kwaya. Akapiga yowe. Kumbe nilikuwa namminya. Watu wakageuka. Niliona aibu mpaka mwisho wa misa.

Umeme: kifundoni. Palepale pa Ijumaa ile.

Mama mkwe kasalimia kwa simu, kasema subira huvuta heri. Subira imevuta nini mpaka sasa?

Jumatano, 18 Juni

Msimu wa asali umefika na mimi nazunguka uani kama kuku wa kienyeji. Nikamwomba Skola anipe kazi. Mume mzima anaomba kazi.

Skola ana mzinga wake mmoja, wa sanduku, nyuma ya shamba la mahindi. Baba yake alimpa tulipooana. Uliletwa kutoka Ugalla juu ya baiskeli, mdomo umezibwa kwa matambara, nyuki ndani wamekasirika njia nzima. Mimi nina mizinga yangu porini. Yeye ana huo tu, na hapendi mtu aufungue. Leo kakubali. Nadhani kanionea huruma.

Yeye moshi, mimi masega. Niliinua sega la tatu kwa mkono wa kulia. Nilitaka kuona kama mkono bado unajua. Nilipogeuza kiganja nikamwona malkia. Yuko kati ya gumba na ubao. Mrefu, mwekundu, tumbo limepasuka. Nilikuwa nimembana mimi.

Sikuhisi chochote. Hata punje.

Skola alikuwa anapuliza bomba la moshi, macho yanamtoka machozi, hakuona. Nikafuta gumba kwenye suruali. Tukaendelea. Asali ilikuwa nzuri.

Alhamisi, 19 Juni

Sijamwambia. Watatengeneza malkia mwingine, nyuki wanajua kazi yao. Wanachagua jana changa, wanalijengea chumba, wanalilisha ule uji mweupe peke yake mpaka linakuwa malkia. Hakuna haja ya kumtia mtu presha.

Gumba langu limelala mezani hapa. Linanitazama.

Jumanne, 24 Juni

Skola kaenda Ugalla kwa mama yake, kuna msiba. Nimefungua mzinga.

Wamejenga vyumba vya malkia. Vinaning'inia kwenye sega kama maganda ya karanga. Nilishukuru Mungu, nikataka kufunga. Halafu nikachungulia kimoja. Uji mweupe, umejaa, na kajana kanaelea ndani.

Nikakaa chini. Naandika jinsi nilivyowaza, ili nisije nikasema sikuwaza. Yai ni lilelile. Jana likilishwa chakula cha kawaida linakuwa nyuki kibarua, linaishi wiki chache. Likilishwa uji huu linakua maradufu, linaishi miaka. Tofauti ni uji tu. Kama hicho si kichocheo cha ukuaji, basi ni nini? Rehema kasema dukani hakuna. Ni kweli, dukani hakuna.

Nikavikata vyote. Nikaacha kimoja.

Uji nimeukusanya kwenye kikombe cha kahawa, haukufika hata robo. Mchachu, unakwaruza koo. Nusu nimekula. Nusu nimepaka kwenye kifundo, pale umeme ulipokwama, nikafunga bandeji.

Nilijua ninachofanya. Mzinga wa watu.

Jumatano, 25 Juni

Kifundo kinawasha. Ni umeme au ni bandeji? Nimefungua, nimegonga, nimefunga. Nimefungua tena. Sijui.

Jumamosi, 5 Julai

Babamdogo Maganga kapita na pikipiki yake. Ndiye aliyenifundisha kupanda mti kwa kamba, na ndiye anayenicheka kuliko wote. Kanipa mkono wa kulia makusudi. Kasema, "Deo, mkono wako huu ungekuwa mbuzi tungeshamchinja." Kanywa maji, kazunguka nyuma ya shamba, kaweka sikio kwenye mzinga wa Skola. Sikupenda vile alivyokaa muda mrefu.

"Hawa wanalia, mwanangu. Mama yao yuko wapi?"

Nikasema sijui. Kanitazama tu. Kasema mficha uchi hazai, kapanda pikipiki kaondoka.

Nimefungua. Chumba kile kimoja hakijatoboka. Nimekipasua: malkia kafia ndani, mweupe, nusu ameumbika. Je, nilikigonga kwa gumba siku ile nikikata vingine? Au ni baridi ya Juni? Au walimlisha vibaya? Hakuna wa kuniambia.

Uji umekwisha. Umeme kifundoni.

Jumatatu, 14 Julai

Skola kafungua mzinga mwenyewe. Kaita jina langu mara moja tu.

Masega matupu. Hakuna yai, hakuna jana. Nyuki wapo, wanatembeatembea juu ya nta, wengine wanapunga mabawa mlangoni kama kawaida. Wakubwa watupu.

Nikamwambia yote. Malkia, vyumba, kikombe. Nilidhani atapiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele.

"Ulikula?"

"Nilikula."

"Ukapona?"

Nikautazama mkono. Kafunika mzinga taratibu, kaweka jiwe juu, kaenda kuteka maji.

Jioni mafuta ya nta yalibaki juu ya kabati.

Jumanne, 15 Julai

Nimekunja vidole mwenyewe kwa kushoto. Si sawa.

Jumapili, 20 Julai

Anapika, anafua, ananiuliza kama nataka chumvi. Mkono haugusi. Sikuwa nausikia alipokuwa anaugusa, kwa hiyo nashindwa kueleza ni kitu gani hasa nimepungukiwa. Lakini nimepungukiwa. Kila jioni muda ule ukifika nautazama mlango.

Ijumaa, 25 Julai

Mpanda. Rehema kagonga, kagonga tena, kabonyeza. Umeme uko kifundoni. Uso wake umebadilika kidogo, akaurudisha.

Nikamweleza kuhusu uji wa malkia. Nilitegemea acheke kama mara ile. Hakucheka. Kasema tumbo limeusaga kama lilivyosaga ugali, na ngozi haikuuruhusu kupita. Na hata kama ungefika, kila seli ina mlango wake, na mlango unafunguka kwa kichocheo chake. Kinachomfanya nyuki kuwa malkia, walezi wa mkono wako hawakijui.

Nikamuuliza lililonileta. Nimewaua?

"Hujawaua, kaka. Wala hujawasaidia."

Sasa kwa nini umekwama? Kasema hapo kifundoni njia ni nyembamba, neva inaweza kuchelewa hapo. Au imekwama kweli kwenye kovu la ndani, na tulichokuwa tunaona ni nyuzi chache zilizotangulia. Ni lipi kati ya hayo? Hajui. Walezi kule mbele bado wapo wangapi? Hajui, hakuna njia ya kuwahesabu bila kupasua. Tusubiri Septemba.

Nilitaka kumkasirikia. Nimeshindwa. Ndiye mtu pekee anayesema hajui na bado anaendelea kunishika mkono.

Lakini kichwa changu kimevurugika. Nikisubiri, walezi wanapungua. Nikipasuliwa, naanza upya na hao waliopungua. Kila upande ni hasara.

Jumapili, 3 Agosti

Sijui nani alimwambia Babamdogo. Nadhani ni Skola. Kaja na sega zima kutoka kwenye mzinga wake, ndani ya boksi, limefunikwa kwa kitenge chenye unyevu, pikipiki kaiendesha kama amebeba mayai. Na ni kweli alikuwa amebeba mayai. Mayai na majana machanga.

Hakunisema. Kamkabidhi Skola sega, Skola kalipachika katikati ya mzinga. Mimi nimeshika bomba la moshi kwa kushoto. Ndiyo kazi yangu sasa.

Babamdogo kasema nyuki waliofiwa na malkia hawafi siku hiyo wala wiki hiyo. Wanalinda mlango, wanaleta chavua, wanafanya yote. Wanapungua tu. Ukiwapa majana mapema wanakumbuka kulea, wanajifanyia malkia. Ukiwachelewesha, hata uwape majana ya mfalme hawana nguvu ya kulisha.

"Na hawa tumewachelewesha?" Skola kauliza.

"Hilo waulize wenyewe."

Nikasema ni kama walezi. Babamdogo kauliza walezi gani. Nikasema basi. Skola kanitazama, ndiyo mara ya kwanza kunitazama vizuri tangu siku ile. Yeye nilishamwonyesha ile michoro ya Rehema.

Jumatano, 13 Agosti

Nimegonga kifundoni. Hakuna.

Nimegonga tena, juu kidogo, chini kidogo, kwa nguvu mpaka mfupa ukauma. Hakuna umeme. Hata ule uliokwama haupo.

Kwa hiyo walezi wamekwisha. Nilipopata mahali pa kubisha nililalamika hauendi, sasa hata mahali pa kubisha hapapo. Sijamwambia mtu. Skola kaniuliza mbona sijala, nikasema mboga ina chumvi. Haikuwa na chumvi. Nimeisingizia hata mboga.

Alhamisi, 14 Agosti

Ajabu. Nilikuwa nachambua maharage kwa kushoto, mkono wa kulia umelala wazi kwenye goti. Punje ikaruka ikaangukia katikati ya kiganja. Umeme! Mpaka ncha ya kidole cha kati.

Nikachukua punje nikaidondosha tena. Umeme. Tena. Umeme. Nimedondosha maharage kiganjani mpaka kuku wakakusanyika.

Siku zote hizi nilikuwa nagonga kifundoni tu, kwa sababu ndipo alama ilipo. Haikunijia akilini kugonga mbele. Nilikuwa nabisha kwa mtu aliyekwisha kuhama.

Lini umehama? Sijui. Huenda Rehema alipogonga ulikuwa njiani. Nimempigia simu. Kapiga kelele mpaka nikaitoa simu sikioni. Kisha kasema tusishangilie sana, bado gumba.

Nilitaka kumwambia Skola. Alikuwa mtoni. Aliporudi nikaona aibu kushangilia mbele yake.

Alhamisi, 28 Agosti

Mkono unauma. Unawaka kama pilipili, hasa jioni. Rehema kasema maumivu ni dalili nzuri. Huyu dada simwelewi tena. Ganzi mbaya, maumivu mazuri, umeme ukipotea ni mzuri pia.

Leo gumba limeruka. Nililiona kwa macho. Nililiambia lielekee kidole cha mwisho, kama kila siku, na nyama ya chini ya gumba ikatetemeka. Nikamwita Skola. Kaja na mwiko mkononi. Nikaliambia tena. Likagoma. Nikaliambia tena. Jasho linanitoka. Likalala kama mbwa aliyeshiba.

"Sijaona kitu, Deo."

Karudi jikoni. Sasa hata mimi sina uhakika kama niliona.

Jumatatu, 1 Septemba

Skola kafungua mzinga asubuhi peke yake. Sikuthubutu kusogea. Kakaa huko muda. Aliporudi kaosha mikono, kasema malkia yupo, ni mdogo, anakimbia sana, ila mayai bado hajayaona. Kasema akiwa amegeukia ukuta. Lakini kasema.

Kesho kutwa ataangalia tena. Mimi nimepanda kitandani mapema, nikashindwa kulala.

Ijumaa, 12 Septemba

Mpanda. Tulikwenda wote wawili. Skola kasema ana shida zake sokoni. Sokoni hakwenda.

Bingwa ni mzee mfupi, mikono baridi. Kagonga. Kiganja, umeme. Shina la shahada, umeme. Kaniambia nifumbe macho, kanichoma na kitu chenye ncha. Nikasema umegusa shahada. Rehema kakohoa. Nikafumbua: alikuwa ameshika gumba.

Halafu gumba. Kaweka kidole chake, kasema sukuma. Nikasukuma kwa roho yote. Sikuona kitu. Yeye kasema tena. Kisha kageuka kwa Rehema: "Kuna kitu hapa. Kidogo, lakini kipo."

Hapasui.

Nilikuwa na maswali yangu toka mwezi wa tano, nikayamwaga yote. Kwa nini ulikwama? Hajui kwa uhakika. Kwa nini umesogea? Hajui kwa uhakika. Walezi wamebaki? Kasema wamebaki wa kutosha neva kupita, na neva ikifika kwao inawapa kichocheo, wanaongezeka tena, wanaivika ganda kama la waya. Wote watarudi? Hapana. Hisia zote zitarudi? Hapana. Na nyuzi nyingine zitakuwa zimeingia njia zisizo zake, za gumba zimekwenda shahada, za shahada zimekwenda kidole cha kati. Hizo hazihamishwi. Kichwa ndicho kitajifunza upya nani anakaa wapi.

Kwenye basi nilifurahi, kisha nikakasirika, kisha nikawa sijui. Kwa hiyo nimepona au sijapona? Nilimuuliza Skola. Kasema nimuulize bingwa. Nikasema nimeshamuuliza. Kasema basi.

Tulipofika hakuingia ndani. Kaenda moja kwa moja nyuma ya shamba na kanga yake ya safari. Nikamfuata kwa mbali. Kainua sega moja, kalielekeza juani, kalitazama. Kisha kanipungia nisogee.

Majana. Machache, kipande cha ukubwa wa kiganja, lakini yamepangwa vizuri, na nyuki vibarua wameingiza vichwa wanalisha. Ni wachache mno hao walezi. Mzinga ambao ulikuwa unanguruma sasa unanong'ona. Skola kasema mwaka huu hauna asali tena, na mwakani pia labda.

Nikasema nisamehe. Kasema, "Shika huu ubao." Nikashika kwa kushoto.

Jumapili, 5 Oktoba

Miombo imechipua, wekundu kila upande. Joto. Misa ya kwanza, kisha nyumbani.

Mchana tumeangalia mzinga. Nilimwomba Skola niinue sega moja kwa kulia. Kafikiri. Kasema polepole, na macho yake yakabaki kwenye gumba langu mpaka mwisho. Sikumbana yeyote. Nilipokuwa narudisha ubao, mmoja akanichoma. Nilimwona kabisa, mwiba umekaa kwenye gumba. Maumivu yakaja kidole cha kati.

Nikapiga kelele. Skola kadhani nimeangusha sega. Nikamwonyesha gumba, nikamwonyesha kidole cha kati, nikashindwa kueleza. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, na sikujua nimeshika lipi. Kautoa mwiba kwa ukucha. Hilo nililisikia pia, kwa mbali, pasipo pake.

Jioni kaleta mafuta ya nta. Kakaa kwenye mkeka, kauvuta mkono, kaanza kukunja kimoja kimoja. Kasema nifumbe macho. Akawa anagusa, anauliza kipi.

Nikasema shahada. Kasema gumba. Nikasema kati. Kasema shahada. Cha mwisho nilipata, lakini hicho hata mtoto angepata. Cha pete nikasema ni viwili. Akacheka kidogo puani.

Kagusa tena. Nikasubiri. Palikuwa na kitu, chepesi, kinatembea, sikuweza kusema ni wapi.

"Kipi?"

"Sijui. Usitoe."

Hakutoa.